Beni: Si waliokimbia vita wanaomaliza intaneti ya nyumba

BENI – Kuna maneno yanayosemwa siku hizi katika parsele nyingi za Mulekera, Beu, Bungulu na Ruwenzori, na ni wakati yakataliwe wazi: eti intaneti ya nyumba inaenda polepole kwa sababu wageni ni wengi. Wageni hao kila mtu anawajua. Ni shangazi aliyekimbia kutoka upande wa Eringeti na watoto wake watano, ni shemeji aliyefika kutoka kusini mwa Lubero na begi moja, ni kijana wa Mambasa anayelala saloni. Wamepewa mkeka na sahani. Lakini siku video inapoanza kukwama kwenye televisheni ya mwenye nyumba, wao ndio wa kwanza kuulizwa.

Aliyewafundisha watu maneno hayo ni muuzaji wa intaneti. Mteja akipiga simu kulalamika, swali la kwanza ni: "Papa, muko wangapi nyumbani?" Akijibu kumi na wanane, upande wa pili wanacheka. "Basi ni hao. Mubadilishe mot de passe." Mazungumzo yanaishia hapo, na abonema ya mwezi ujao italipwa vilevile.

Katika parsele moja ya komini ya Mulekera ushauri huo ulifuatwa mwezi mzima. Mwenye nyumba, mfanyabiashara wa kakao, analipa dola 50 kila mwezi kwa antena iliyo juu ya paa. Aliuziwa "mega 10". Alibadilisha neno la siri, akampa mke wake na kijana wake mkubwa peke yao. Dada yake mdogo, aliyekimbilia kwake na watoto, akabaki nje ya rezo. Bwana wa dada huyo alikuwa amebaki nyuma kuchuma kakao. Siku ya Jumanne alituma sauti kwenye WhatsApp: ameacha shamba, amefika Komanda, yuko mzima, mtu asije kumtafuta. Mama huyo aliisikia sauti hiyo Alhamisi jioni, wakati kijana wa jirani alipomgawia mega kidogo. Kabla ya hapo, Jumatano, alikuwa amesikia sokoni kwamba risasi zimelia upande ule, akakopa pesa, akapanda moto mpaka Oicha kuulizia bwana wake kwa watu. Watu wa Beni hawahitaji kuelezwa barabara hiyo ni ya namna gani.

Na televisheni? Iliendelea kukwama kila jioni, kama zamani. Watu kumi na watano walitolewa kwenye rezo na hakuna kilichobadilika. Hiyo peke yake ingetosha kumfanya mtu ajiulize.

Hesabu ni rahisi, hata mtoto wa darasa la sita anaweza kuifanya. Simu ya sauti ya WhatsApp inahitaji chini ya mega 0.1 kwa sekunde. YouTube yenyewe inasema video ya ubora wa 480 inahitaji mega 1.1 kwa sekunde, ya 720 mega 2.5, ya 1080 mega 5. Kwa hiyo papa anayetazama mpira saloni kwa ubora wa 1080 anatumia peke yake kiasi ambacho wageni hamsini wangetumia kama wote hamsini wangepiga simu ya sauti kwa dakika ileile. Hakuna parsele Beni yenye wageni hamsini wanaoongea pamoja. Mama anayesikiliza sauti ya dakika moja, au anayefungua habari za redio kujua kama kijiji chake kimetulia, haonekani hata kwenye hesabu hiyo.

Ni kweli, si kila mgeni anapiga simu ya sauti tu. Vijana wanatazama video, na vijana wa mwenye nyumba wanatazama zaidi. Ni kweli pia kwamba kuna kitu kidogo kinachoweza kuua rezo yote bila mtu kukiona: simu inayopandisha picha na video zote kwenye hifadhi ya Google usiku na mchana. Njia ya kupandisha kwa kawaida ni nyembamba kuliko ya kushusha, na ikijaa hata kushusha kunakwama, kwa sababu kila ukurasa unaofunguliwa lazima kwanza utume ombi lake, na ombi hilo linakaa kwenye foleni nyuma ya picha za harusi. Katika nyumba hiyo ya Mulekera simu ya namna hiyo ilikuwepo. Ilikuwa ya mwenye nyumba.

Kuna udanganyifu mwingine, nao uko kwenye neno "mega" lenyewe. Mtu wa kwetu amejifunza mega kwenye forfe ya simu: unanunua mega 500, unazitumia, zinaisha. Hapo mega ni kipimo cha wingi, kama lita za mafuta kwenye bidoni. Muuzaji wa antena akisema "mega 10" anasema kitu kingine kabisa: ukubwa wa bomba, yaani megabiti 10 kwa sekunde. Na biti nane ndizo zinafanya baiti moja. Bomba la megabiti 10, likiwa zima kabisa, linashusha megabaiti 1.25 tu kwa sekunde, na faili ya megabaiti 100 itachukua sekunde 80. Wateja wengi wanafikiri wameibiwa wakati hawajaibiwa, na wengine wameibiwa kweli na hawajui, kwa sababu hakuna aliyewaeleza tofauti hiyo siku ya kutia saini. Muuzaji anaijua vizuri. Kunyamaza kunamletea faida.

Basi mtu afanye nini? Apime. Apime kabla ya kumfukuza mtu kwenye rezo, kabla ya kununua ruta mpya, na kabla ya kumlipa fundi dola 10 aje kuzima na kuwasha.

Kijana wa pili wa nyumba ile, anayesoma chuo, alichukua kaye ya shule akaifanya kazi hiyo kwa wiki tatu. Kitu cha kwanza, na ndicho watu wengi wanakiruka, aliacha wifi. Alichomeka waya kutoka kwenye ruta mpaka kwenye kompyuta, akazima wifi ya ruta kabisa, hata simu ya baba yake. Kwa njia hiyo hakuna mgeni wala jirani wala ukuta wa kusingiziwa; kinachopimwa ni kile kinachoingia kutoka kwenye antena. Alipima saa kumi alfajiri, saa saba mchana na saa mbili usiku, kila siku saa hizohizo, kwenye ukurasa uleule wa kupimia, akaandika namba na hali ya hewa. (Mwenye forfe ya kuhesabiwa asiige kila kitu hapa: kipimo chenyewe kinakula mega.)

Saa kumi alfajiri alipata karibu 9.4. Saa saba mchana, kama 6. Saa mbili usiku, 1.3, na siku moja 0.8. Hizo ni namba za kompyuta moja, kwa waya, wifi imezimwa, wageni wamelala au wameketi nje wakiongea. Mtu anayelipia 10 na kupata 1.3 saa ambayo watu wote wamerudi nyumbani hawezi kuambiwa tatizo ni shangazi. Tatizo liko juu ya paa au nyuma ya paa.

Baadaye akawasha wifi na kupima tena alfajiri. Saloni, karibu na ruta, 8. Kwenye anexi ya nyuma, mahali wageni wanalala, 1.2. Kumbe nyumba ilikuwa na magonjwa mawili, na yote mawili yalikuwa yakiitwa kwa jina moja.

Ugonjwa wa ndani ni wa kawaida mjini. Ruta ilikuwa imefungiwa ndani ya kabati nyuma ya televisheni ili watoto wasiichezee. Kati yake na anexi kuna kuta mbili za matofali na ukuta mmoja wa mabati, na mabati yanarudisha mawimbi ya wifi kama kioo kinavyorudisha mwanga. Simu iliyo mbali inapata wimbi dhaifu, inaongea polepole, na wakati inaongea polepole wengine wote wanangoja zamu yao, kwa sababu hewa ni moja. Hapa ndipo maneno ya muuzaji yanashika chembe ya ukweli: simu moja ya mgeni kule nyuma inaweza kuichelewesha ya saloni. Lakini kosa ni la mahali, na dawa yake ni kuitoa ruta kabatini, kuiweka juu, katikati ya nyumba, mbali na mabati, na ikiwezekana kuvuta waya mpaka anexi na kuweka kifaa kidogo cha pili cha wifi. Ruta nyingi zina wifi za aina mbili: ya 2.4, inayofika mbali lakini imejaa kelele za majirani, na ya 5, iliyo ya kasi lakini haipendi kuta. Kwenye ile ya 2.4, chaneli 1, 6 na 11 peke yake ndizo hazigongani. Parsele tano zilizobanana zikikaa zote kwenye chaneli 6, kila nyumba itamlaumu mgeni wake.

Na kwa yule anayetaka kujua haraka ugonjwa uko upande gani bila kupima kasi: kompyuta inaweza kutuma ujumbe mdogo kwa ruta yenyewe na kuhesabu muda wa kwenda na kurudi. Neno ni ping, na anwani ya ruta mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Ikirudi kwa milisekunde chache bila kuruka, ndani ni pazima. Halafu itumwe nje, kwenye 8.8.8.8. Ikiwa ya ndani ni 2 na ya nje inaruka kutoka 60 mpaka 900 na nyingine hazirudi kabisa, mtu asiguse tena ruta yake. Hata akinunua ya dola 100.

Tuje kwenye paa. Antena hizi za nyumba zinaangalia mnara wa kampuni kwa mstari mnyoofu, kama mtu anayechungulia kwenye tundu. Upepo ukiigeuza kidogo, jirani akipandisha orofa, au mti wa avoka ukitoa majani mapya katikati ya mstari, kasi inashuka polepole, wiki kwa wiki, na hakuna anayekumbuka ilianza lini. Waya unaoshuka kutoka kwenye antena unapigwa na jua mpaka unapasuka, maji ya mvua yanaingia kwenye kichwa chake, na intaneti inaanza kukatika siku za mvua tu. Watu wanasema "ni mawingu". Mara nyingi ni tone la maji kwenye kichwa cha waya wa dola mbili. Na umeme: antena na ruta zinataka nguvu isiyoyumba. Katika nyumba ile, kila wakati jenereta ya jirani waliyoungana nayo ilipowashwa, ruta ilijizima na kujiwasha bila mtu kuona, na dakika tatu za giza zikaandikwa kwa wageni. Betri ndogo ya kuishikilia ruta ilimaliza jambo hilo.

Kuzima na kuwasha kunasaidia, hakuna anayekataa. Ruta ni kompyuta ndogo, inapata joto, inachanganyikiwa. Lakini dawa inayotakiwa kila siku si dawa. Kama kuzima na kuwasha kunarudisha kasi kila jioni kwa nusu saa tu, kifaa ni kibovu au umeme wake ni mbovu, na kampuni iliyokiweka inapaswa kukibadilisha badala ya kumtuma mama mzee apande kiti kuchomoa waya.

Linabaki lile la saa mbili usiku, nalo ndilo zito. Kampuni inanunua uwezo fulani wa kutoka nje na kuugawa kwa wateja wake. Kugawana si wizi. Duniani kote intaneti ya nyumba inagawanwa, kwa sababu si wote wanaotumia kwa dakika moja. Wizi unaanza pale wateja wanaongezwa kila mwezi na bomba haliongezwi, na anayeuliza anaambiwa ahesabu vichwa vya watu nyumbani kwake. Alfajiri 9.4, usiku 1.3, kwa waya, wifi imezimwa, siku zote za wiki: ukishaondoa mti na waya, hiyo ndiyo sura ya bomba lililouzwa mara nyingi mno. Muuzaji anayeuliza "muko wangapi nyumbani" ndiye anayepaswa kuulizwa: "na ninyi, muko wangapi kwenye mnara?"

Kampuni nazo zina maneno yao, na mengine ni ya haki. Mafuta ya minara ni ghali, barabara ni mbaya, fundi hapandi mlima kila siku. Beni iko mbali na bahari pande zote: mpaka Muanda, mahali kebo ya WACS inapoingia nchini, ni kama kilomita 2000 kwa mstari mnyoofu, mpaka Mombasa, kupitia Uganda na Kenya, ni kama 1200. Kebo zinakatika. Agosti 2023 maporomoko ya chini ya bahari kwenye korongo la mto Congo yalikata WACS na SAT-3. Machi 2024 kebo kadhaa zilikatika karibu na Abidjan. Tarehe 12 Mei 2024 EASSy na Seacom zilikatika pamoja, na nchi nyingi za Afrika ya Mashariki zikayumba siku hiyohiyo. Siku kama hizo mteja anaweza kuvumilia, akiambiwa. Lakini bahari haikatiki kila siku saa mbili usiku na kujiunga saa kumi alfajiri.

Wapo pia wanaosema: anayelipa ndiye mwenye kuamua. Sawa. Ruta nyingi zina sehemu ya rezo ya wageni, yenye neno lake la siri na kikomo chake. Mwenye nyumba anaweza kuwapa wageni mega 1 kwa wote, na hesabu ya hapo juu inaonyesha kwamba mega 1 inatosha simu za sauti kumi kwa pamoja. Anaweza kufunga video saa za mpira. Anaweza kuwaomba wachange franka kidogo kama wanazo. Kuna hatua nyingi kati ya kufungua yote na kumkatia mtu habari za bwana wake.

Na serikali haiwezi kusema haijui. Nchi ina mamlaka ya kusimamia mawasiliano, ARPTC, iliyoundwa na sheria ya mwaka wa 2002, na ina sheria namba 20/017 ya tarehe 25 Novemba 2020 juu ya mawasiliano. Mamlaka hiyo ilipata nguvu ya kukataza Starlink Machi 2024, kisha ikairuhusu Mei 2025. Basi ipate nguvu pia ya kulazimisha kila anayeuza intaneti ya nyumba Beni, Butembo au Bunia kuandika kwenye mkataba namba mbili: kasi ya chini kabisa saa za jioni, na watu wangapi wanagawana bomba moja. Bila namba hizo, "mega 10" ni neno la kupamba bango.

Watu watasema malalamiko ya raia hayafiki Kinshasa. Wakumbuke RAM. Tangu 2020 yuniti zilikatwa kwenye simu za watu kwa jina la usajili wa vifaa, dola 1.17 kwa mara moja kwa simu za 3G na 4G, mpaka mwaka uishie dola 7. Raia walipiga kelele bila kuchoka, na waliokuwa na nguvu ya kelele hiyo walikuwa wale walioweza kuonyesha simu na kusema: jana nilikuwa na hiki, leo kimebaki hiki. Mwaka wa 2022 RAM ikaondolewa. Mtu anayesema "intaneti ni mbaya" anajibiwa kirahisi. Nyumba kumi za mtaa mmoja zikipima kwa waya wiki moja, saa zilezile, na kupeleka kaye kumi mezani siku moja, zitajibiwa kwa shida zaidi.

Nyumba ya Mulekera ilipeleka ya kwake. Baada ya kuona wiki tatu za namba, kampuni ilimtuma fundi bila kudai pesa. Alipanda, akakuta tawi la avoka limelala mbele ya antena, akalikata, akabadilisha kichwa cha waya kilichokuwa na kutu. Saa mbili usiku sasa kipimo ni 3.8. Si 10. Barua ya kuuliza zile 6.2 zilizobaki ilipelekwa ofisini kwao Jumatatu, na muhuri wa kupokelewa uko kwenye nakala. Dola 50 zimelipwa tena.

Hifadhi ya picha ya mwenye nyumba imepangwa ifanye kazi usiku wa manane. Neno la siri la wageni limeandikwa kwa chaki nyuma ya mlango wa anexi, na bwana wa dada yake, ambaye bado yuko Komanda, anapiga kila jioni baada ya chakula.